Kiwiko, Goti na Bega

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, koo halijakauka, na wasafiri hawakugombezi sana pale kwenye kibanda chako cha kutangazia mabasi. Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanalalamika asubuhi, ikifika saa nne yameshasahau. Mimi naendelea kufundisha watu kuendesha gari, na watu wanaendelea kuniotesha mvi.

Sijapiga simu kwa sababu nakumbuka ulivyosema: ukitoka kazini hutaki kusikia sauti ya mtu, hata yako mwenyewe. Basi nampa barua kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Akichelewa kukupa, mtangaze kwenye kipaza sauti aaibike.

Habari yenyewe ni hii. Mwenye karakana ametukumbuka. Anataka timu ya kupanda mlima kwenye mashindano ya Juni: mimi usukanini, wewe pembeni unanisomea njia, kama zamani. Ana magari mawili ya michezo, ukiyaona utadhani mapacha. Tofauti ipo chini. Jekundu linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Jeupe nguvu yake inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Ana uwezo wa kuandaa moja tu, na amesema nichague mimi.

Nimeyajaribu yote mawili. Jekundu ni jepesi, linageuka kabla hujamaliza kuwaza, lakini ukikanyaga mafuta vibaya kwenye kona, mkia unataka kukupita mbele. Jeupe limetulia. Linang'ang'ania lami, na ukikosea kidogo linakusitiri, jirani hajui. Mama ameshatoa hukumu: "Kama gari lina magurudumu manne, kwa nini mawili yakae bure?"

Mimi moyo unaelekea kwa jeupe. Lakini bila wewe hata hilo halina maana. Nilimweleza fundi wa karakana lugha yetu, kwamba kiwiko ni kona iliyojikunja, goti ni ya wastani, bega ni ile ya wazi inayopitwa bila kupunguza mwendo. Akaniuliza kama tuko kwenye mbio au kwa daktari wa mifupa.

Utakuja? Nijibu upesi.

Dada yako,
Mguu Mzito

11 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake pia, na umwambie magurudumu ya mbele hayakai bure, ndiyo yanayokata kona. Mimi ni mzima. Kondakta wako alileta barua ikiwa na alama ya chai, kwa hiyo huenda naye ana maoni yake kuhusu magari.

Kibandani hapa mambo ni yale yale. Kioo mbele, kipaza sauti chenye sponji iliyotafunwa na miaka, na watu wanaogonga kuuliza basi ambalo nimelitangaza sasa hivi. Wanasikia sauti tu, hawasikii maneno. Nimezoea.

Kuhusu kuja, hapana, dada. Nashukuru, lakini hapana. Nina kazi, nina chumba, nina dirisha linaloingiza jua jioni. Usinibembeleze.

Kuhusu magari nitakujibu, maana ukiniuliza swali la barabara siwezi kunyamaza. Jeupe litakusaidia kuondoka, hasa kukiwa na mvua au changarawe imemwagika. Unatoka kwenye kona unakanyaga mapema, linakwenda. Lakini halitakusaidia kusimama. Breki ni breki, tairi ni tairi, na watu wengi wanalisahau hilo wakishalewa utulivu wake. Jekundu linataka subira. Unakumbuka neno letu "ngoja"? Tulikuwa nalo kwa sababu gari letu la zamani lilisukumwa na nyuma: nasema ngoja, unazuia mguu mpaka pua ya gari ione njia ya kutokea, kisha nasema sasa. Kwenye jeupe neno hilo lingekosa kazi.

Sasa na mimi nakuuliza. Kama mimi nisingekuwepo kwenye hesabu zako, ungechagua lipi?

Mkono wangu uliovunjika umepona kabisa. Juzi nimepandisha gunia la mkaa ghorofani, jirani akanipisha njia mwenyewe.

Mdogo wako,
Redio

15 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila Mama amekasirika kidogo kwamba unabeba mkaa na mkono ule.

Hapana yako nimeisoma. Nimeiweka pembeni, haijanishinda bado. Nadhani najua kinachokuzuia, na nimekwisha kukiondoa. Jana nilimwambia fundi aanze kuliandaa jeupe. Hakuna tena mkia kutupita, hakuna kuserereka na kwenda kugonga ukingo kama siku ile ya tope. Utakaa pembeni yangu umetulia kama uko sebuleni. Hata kiti chako nimeomba kiongezwe sponji upande wa mkono ule.

Kwa hiyo huna tena cha kuogopa. Mama amefurahi, ameimba jikoni asubuhi nzima. Niambie unakuja lini tukaandike njia upya.

Dada yako,
Mguu Mzito

10 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Unaumwa? Kondakta anaapa alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukarudi kibandani ukatangaza basi ambalo lilikuwa limeshaondoka. Hilo si jambo la kawaida kwako, nimepata wasiwasi.

Jumapili nilipanda mlima na jeupe, fundi akinisomea. Ni mtu mwema, lakini anasoma kama anayetaja bei za vitunguu sokoni. Kona tunaipita, ndipo anaitaja. Ajabu ni kwamba tulifika salama na kwa mwendo mzuri tu. Gari lile halihitaji mtu wa kuliambia kitu. Linasamehe kila kosa.

Nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi, lakini nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula. Sijui kwa nini. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Siumwi. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa umeomba kutukanwa, kaa vizuri.

Unadhani niliondoka nyumbani kwa sababu ya ajali? Siku ile kulikuwa na tope pale ambapo asubuhi hapakuwa na tope. Tulitoka barabarani, mkono ukavunjika, ukaungwa, basi. Sikukulaumu wewe, sikulaumu gari, na hata nikiwa nimelazwa nilikuwa nikiisoma ile njia kichwani.

Niliondoka kwa sababu ya siku tuliyorudi mlimani baada ya bandeji kutolewa. Unaikumbuka? Nilikusomea kama nilivyokusomea miaka yote. Nikasema bega, ukaendesha goti. Nikasema goti, ukaendesha kiwiko. Kona baada ya kona, mpaka juu. Nilidhani labda sauti yangu ni ndogo, nikapaza. Ukapunguza zaidi. Kila siku tukimaliza nilikuwa nasema "tumefika, dada". Siku ile tulifika, sikusema, na wewe hukuuliza.

Hukuwa unaogopa barabara, dada. Ulikuwa unaniogopea mimi, na ukinifanya yai hivyo, maneno yangu hayana kazi. Ndipo nikatafuta kazi ya kusema maneno kwa watu wasionisikiliza. Angalau hapa nalipwa.

Sasa unaniandikia kwamba umechagua gari lisilohitaji kuambiwa kitu, tena unaniongezea sponji kwenye kiti! Mimi sihitaji gari la kunisamehe. Nilihitaji dada yangu anisikie. Nimelia nikiandika hapa, na basi la saa tisa halijatangazwa.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Pokea salamu. Mama hajambo, anakusalimu, na amesema tukimaliza kugombana tumwambie.

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu, kila nikianza kujibu nachana karatasi. Aliyenifungua ni mwanafunzi wangu, mwenye duka la maua. Unajua gari letu la mafunzo lina breki mbili, yake na yangu. Wiki iliyopita alisimamisha gari katikati ya uwanja, akavua kiatu, akakikagua. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mwalimu, kila nikitaka kukanyaga breki naikuta imeshashuka yenyewe. Nilidhani kiatu changu ni kizito mno." Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakabadilika yakawa ya kweli. Nimekanyaga breki za watu wengine mpaka imekuwa tabia.

Kwa hiyo nasema tu: ulichoandika ni kweli, na kimeniuma, na nimefurahi umekisema.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimemwambia fundi asimamishe kazi ya jeupe. Amenuna, lakini mwenye karakana ametupa muda mpaka mwisho wa Aprili. La pili, juzi mvua ilipokatika nilichukua jekundu, nikaenda nalo kwenye ule uwanja mpana wa maghala, peke yangu. Nililigeuza kwa makusudi mpaka mkia ukachomoka. Nikaogopa. Nikalegeza mguu, nikafuata na usukani, likarudi. Nikarudia mpaka woga ukachoka. Umeuliza ningechagua lipi kama usingekuwepo. Jibu ni kwamba bila wewe ningechukua jeupe, maana nisingekuwa na mtu wa kuniambia ngoja.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Siku moja tu. Panda na mimi kwenye yote mawili, kisha chagua wewe. Ukisema jeupe, ni jeupe. Ukisema hapana, nitakupeleka stendi na sitakusumbua tena kwa jambo hili. Lakini ukisema bega, mdogo wangu, nitaendesha bega.

Dada yako,
Mguu Mzito

21 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama. Mama alinifungia chakula cha kulisha basi zima, na kondakta amefaidi kuliko mimi. Samahani niliondoka Jumamosi bila kutoa jibu, mmebaki mnatazamana na fundi. Nilitaka kwanza nilale, niamke, nione kama bado nafikiri vile vile.

Jeupe ni gari zuri, nisilisingizie. Siku ikiwa mbaya litalishinda jekundu, fundi ana haki ya kubisha. Lilipanda kama lifti. Katikati ya mlima niligundua nimemaliza kusoma, natazama miti.

Kisha tukapanda jekundu. Nilikuwa na jasho viganjani kabla hujawasha, na najua na wewe ulikuwa nalo kwa sababu ulipangusa usukani kwa sketi. Nikasema bega la kwanza. Dada, nilikuwa nakutazama mguu, sikutazama barabara. Mguu haukuondoka kwenye mafuta. Nikasema goti, ngoja, ukangoja, mkia ukaanza kuchungulia pembeni, nikasema sasa, ukakanyaga, tukanyooka sawasawa. Nilitaka kupiga kelele lakini kona nyingine ilikuwa imefika, ikabidi nifanye kazi. Sijafanya kazi hivyo tangu niondoke nyumbani.

Kwa hiyo mwambie fundi aandae jekundu. Tairi mpya, nzuri, kwenye hilo msibane. Mvua ikinyesha siku ya mashindano nitakuwa wa kwanza kusema goti pale penye bega, na tutapita polepole mbele za watu wote bila aibu. Hilo ndilo gari letu. Sponji ya kiti iondolewe, inanikuna.

Kazini nimeomba ruhusa ya kila mwisho wa wiki mpaka Juni. Mkuu wa stendi ameuliza nani atatangaza. Nimemwambia hata kasuku ataweza, wasafiri hawatajua.

Njia nimeiandika upya kutoka kichwani. Isome jioni ukiwa umetulia, usiisome ukila:

Mstari, nyoosha hadi nguzo ya umeme. Kushoto bega, kanyaga. Kulia goti, ngoja, sasa. Daraja dogo, kaa katikati. Kulia bega, linabana mwishoni. Kushoto kiwiko, breki mapema, ngoja, ngoja, sasa. Ukuta wa mawe, nyoosha. Kulia goti, ngoja, sasa.

Hapo penye ukuta wa mawe ndipo tulipotoka barabarani siku ya tope. Kona hiyo nimeiandika kama nyingine yoyote, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kushoto bega. Bega tena, usiguse breki. Kulia goti, ngoja, sasa. Bega la mwisho, kanyaga hadi mstari.

Baada ya hapo nimeacha nafasi wazi kwenye karatasi. Unajua ni maneno gani yanakaa pale. Hayo sikuandikii, dada. Nitayasema juu mlimani, nikiwa nimekaa pembeni yako.

Mdogo wako,
Redio