Kiwanja cha Baleni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Kuna jambo kuhusu kiwanja cha kanisa pale Baleni nililomficha hata bibi yako, nami naogopa pumzi itaniishia kabla sijakwambia. Bibi ni mzima, anakusalimu. Miguu yangu ndiyo imekataa.

Umeniuliza kama ni vyema Mkristo kuishtaki serikali, maana vijana wa kanisa wanataka uwe wakili wao. Ni vyema, mradi analolidai liwe kweli. Ndiyo maana silali.

Tulipopewa kiwanja kile nilikuwa mwalimu wa shule na mzee wa kanisa. Nilikwenda kukifyeka, nikamkuta jirani yetu, Bi Mwanahawa, ameketi majanini.

“Mwalimu, kanisa lenu litamkalia mama yangu?”

Akanionyesha mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani, moja miguuni. Makaburi ya kwao hayakuandikwa majina.

“Hao wa ofisini walipima kwa kamba,” akasema. “Macho waliyaacha Kilindoni.”

Kesho yake nikaenda ofisi ya ardhi kule Kilindoni peke yangu. Afisa akacheka: “Nyie watu! Mmenisumbua mpaka mmepewa, leo hamtaki?”

Jumapili wazee wenzangu, waliposikia kiwanja si chetu tena, wakalalamika kwamba tumenyang’anywa kwa kuwa sisi ni Wakristo. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nikanyamaza, nikiogopa kuitwa msaliti. Neno hilo limekua, na sasa wanataka ulipeleke mahakamani.

Usilipeleke, mwanangu. Serikali haikutunyang’anya. Kiwanja nilikirudisha mimi.

Babu yako