Pipa la Akiba

Jumatatu, 3 Februari
Nimewasha injini ya kisima alfajiri, kama kawaida. Mbuzi wa jirani wamekunywa. Nimetumbukiza kijiti kwenye pipa la akiba: dizeli iko nusu. Hiyo haiguswi. Kila mfugaji huja na dumu lake la dizeli, lakini ngamia wenye kiu hufika kwanza, na dumu liko nyuma na ngamia wa mizigo. Tunawaanzishia kwa dizeli ya pipa. Dumu likifika, wanarudisha. Barre, rafiki yangu tangu utotoni, ametuma salamu. Alhamisi yuko hapa na kundi lake lote.

Jumanne, 4 Februari
Shemeji Hassan, mwenyekiti wa kamati ya kisima, anamwoza bintiye kesho. Anataka dizeli ya msafara wa harusi. Nikakataa. Akanicheka. "Issack, kisima ni ya kamati, na kamati ni mimi. Ijumaa narudisha." Nikampa karibu yote. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 5 Februari
Land Cruiser saba. Zimezunguka mji wetu wa Modogashe tangu asubuhi. Honi tu, vumbi tu, hakuna ziendako. Wallahi, watu wanatoboa ardhi kutafuta mafuta, wanauana kwa ajili yake, sisi tunayachoma tupige honi. Nimekasirika. Pilau nimekula hata hivyo.

Alhamisi, 6 Februari
Ngamia wa Barre walifika saa nne, wamenusa maji, mbio. Injini ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikazimika. Maji kwenye birika la kunyweshea hayakufika hata kina cha kiganja. Ngamia wakakanyagana. Ndama mmoja akavunjika shingo mbele yangu. Vijana wa Barre wakashika fimbo, wetu wakachomoa visu. Mmoja amekatwa sikio.

Barre akanijia mikono mitupu. "Issack, nani amekula mafuta?" Mbele ya watu wote. Nilikuwa na spana mkononi. Nikampiga nayo usoni. Mara mbili. Akaangukia birikani. Damu ikaenea majini, na ngamia wakaendelea kunywa.

Halima, mke wa Barre, ndipo akatokea na ngamia wa mizigo. Dumu limejaa. Akaliweka chini, akapanda gari na mumewe kwenda hospitali Garissa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikatoa hewa iliyoingia kwenye injini mafuta yalipoisha. Nikamimina dizeli ya Barre. Nikanywesha ngamia wa Barre.

Ijumaa, 7 Februari
Hassan hajarudisha kitu. Eti Barre alikuja kutafuta vita. Nimevunja kifuniko cha tangi la gari lake kwa spana ileile, nikavuta dizeli kwa mpira, wageni wake wakitazama. Akanipiga ngumi. Nikamng'oa jino. Mdomoni mwangu dizeli, mwake damu. Pipa limefika robo. Bado najichukia.

Jumatatu, 10 Februari
Wazee wamekaa. Nimesema yote, ya Hassan na yangu. Wataamua fidia, nitalipa.

Leo Halima amekuja kuchukua dumu. Amesema jicho la kushoto la Barre halitaona tena. Kisha:

"Ameuliza kitu moja tu. Ngamia walikunywa?"

"Walikunywa."

Sikumwambia kilichokuwa majini. Nimejaza dumu kutoka kwenye pipa, nikalifunga juu ya ngamia wake. Ameondoka bila kuaga. Nimerudi kwenye injini.