Amebaki Kidogo

Bugarama, Ngara

Mjukuu wangu Jeska,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku mvua imekuja na maharage yanatoa maua. Bibi yako amechoka kidogo.

Unauliza kama hizo tafsida mnazofundishwa kwenye Kiingereza si uongo tu wenye adabu. Hata sisi tulifundishwa, wakati wa vita vya Kagera. Mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa Kiingereza kwamba fulani amekufa, bila kutamka kufa. Mimi nilitaja nyingi, nikapigiwa makofi.

Vita vilipokwisha, alikuja nyumbani mgambo mmoja, Msukuma wa Nyakahura, aliyekuwa vitani na kaka yangu Gervasi. Mama hakujua Kiswahili, kwa hiyo nilikaa katikati yao nitafsiri. Mama akauliza mwanawe yuko wapi. Yule kijana alitazama kikombe chake cha pombe ya ndizi, akasema, "Mwambie mama, Gervasi amebaki kidogo."

Nilielewa palepale. Nikatafuta neno la Kihangaza, na lililonijia lilikuwa laini vilevile. Mama alifurahi, akamkatia mgeni mkungu wa ndizi. Shamba la Gervasi alilipalilia kila msimu mpaka naye akafa. Msiba wa kaka hatukuwahi kuukaa.

Kama ule ulikuwa uongo, mimi sijui mpaka leo. Soma tena nilichoandika hapo juu kuhusu bibi yako, halafu uombe ruhusa shuleni, uje.

Babu yako