Mume Wangu Ameweka Uzio, Mimi Bado Nalinda Bwawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandika karatasi ikiwa juu ya goti, jicho moja liko hapa na jingine liko kwa mjukuu wangu wa miaka mitatu, na ndivyo ninavyoishi tangu binti yangu alete bwawa la kuogelea nyumbani.

Si la kuchimba, ni hili la kusimamishwa juu ya ardhi, kuta zake zinanifika kifuani, lina ngazi ya kuingilia na pampu inayonguruma mchana kutwa. Binti yangu anafua mashuka hospitalini kwa zamu, akirudi anaingia majini na mwanawe na hapo ndipo ninapomsikia akicheka, kwa hiyo sikuwa na moyo wa kulikataa, nilisema kitu kimoja tu, liwekewe uzio, na mume wangu akanijibu, "Fundi wa mageti nipo, utamwita nani mwingine?"

Sasa hapo ndipo penye kidonda. Mume wangu amechomelea mageti na madirisha ya mtaa huu miaka thelathini, na kazi yake utaijua tu, nondo zake hulala moja juu ya nyingine kutoka chini mpaka juu, na katikati na juu anatia maua ya chuma. Macho yakamharibikia, akakaa barazani miaka miwili, mtu mzima anasikiliza redio mpaka betri zinaisha na bado ameielekezea sikio. Alipofanyiwa upasuaji macho yakarudi, na kazi yake ya kwanza ikawa huu uzio. Aliushughulikia wiki tatu, akaupaka rangi ya kijani, majirani wakaja kuutazama, na siku ile alikula akaomba aongezewe. Uzio ni mzuri, mshauri, sisemi uongo. Mjukuu wangu anauita ngazi ya babu, tukacheka wote.

Wiki iliyopita niliingia jikoni kuepua sufuria, hata dakika mbili hazikufika, kutoka nikamkuta yuko juu kabisa, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, amekalia ua la chuma la babu yake ananipungia mkono, na kule ndani ngazi ya bwawa imesimama, maana tangu uzio uwekwe hakuna anayehangaika kuitoa. Nikamshusha, nikakaa chini kwenye majani, naye akadhani ni mchezo akaja kunikalia mapajani.

Sijamwambia mtu. Binti yangu nikimwambia ataacha kazi, au atampeleka mtoto kwa watu tusiowajua. Mume wangu nikimwambia nitakuwa nimemrudisha barazani kwa mikono yangu mwenyewe. Basi nimeweka stuli pale pembeni ya uzio, nashinda hapo, nachambua mchele hapo, nashona vifungo hapo, mgongo si wangu tena, nikienda chooni stuli naiacha palepale kwa kuwa kuibeba siwezi. Mume wangu ananiuliza, "Uzio si upo, unalinda nini?" Namwambia napunga upepo. Nimechoka, mshauri. Nimwambie vipi nisimvunje moyo, au niendelee kukaa hivi hivi mpaka mtoto akue?

Bibi wa Stuli

*

Bibi wa Stuli, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili ukaniudhi, na nitakujibu nikiwa na yote mawili.

Unasema unamlinda mtoto. Hapana, mama, unayemlinda ni mumeo. Mtoto umekaa naye karibu tu. Hakuna mwanadamu anayeweza kutazama maji kutwa nzima, siku zote, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unainuka. Halafu ukiinuka unaiacha stuli imesimama pembeni ya uzio. Mtoto anayepanda nondo umemwekea na pa kuanzia.

Kwa hiyo leo, kabla hujamsemesha mtu yeyote, zima pampu na umwage maji yote. Ngazi ya bwawa iingie stoo. Binti yako akirudi akute tope uani, mweleze ulichokiona, kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ule mguu wa ndani. Atakasirika. Muache akasirike, mtoto ni wake na umemficha habari zake wiki nzima. Mambo ya kuacha kazi mtayazungumza akishatulia.

Kisha mumeo. Usimpambie maneno na usimtafutie muda mzuri, muda huo hauji. Bwawa likiwa kavu, mkalishe kwenye hiyo stuli yako, umwambie mjukuu, "Muonyeshe babu unavyopanda." Wewe simama karibu, mikono tayari, na ufunge mdomo. Fundi wa miaka thelathini akiona nondo zake zinakanyagwa moja baada ya nyingine hahitaji kufafanuliwa. Mageti yake yote yalikuwa ya kuzuia watu wazima na kupendeza barabarani. Hakuna mteja aliyewahi kumwagiza geti la kumzuia mtoto wa miaka mitatu, naye akafanya kama mkono wake ulivyozoea.

Akishamshusha mtoto, mwagize kazi upya. Nondo zisimame wima, zikaribiane kiasi kwamba mtoto hawezi kujipenyeza, na pasiwe na chuma cha kulala ambacho mguu mdogo unaweza kukikanyaga. Geti lifungukie nje, lijirudishe lenyewe kwa springi, komeo likae juu asikofika. Pampu, ndoo, stuli, vyote vikae mbali na uzio. Huu wa maua auhamishie mbele ya nyumba, wapita njia waendelee kuusifu. Na hata huo mpya ukishasimama, mtoto haingii majini bila mtu mzima kuwa naye humo humo.

Unaogopa kumrudisha barazani. Mama, kilichomkalisha barazani ni kukosa kazi, na kazi ya kumpa unayo. Umeikalia wewe.

Mjukuu wako aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba ile ni ngazi, mkacheka. Hii barua ikunje, inuka, kamwage maji.