Mahindi ya Kuku Yasiguswe

Baba Pacha, simu yako inaita tu. Soma hapa kabla hujavua viatu.

Kuku usiwape chochote kutoka stoo. Mayai ya kwenye bakuli usile, ~~mpe jirani~~ asipewe mtu.

Kuku wanne wamekufa asubuhi hii. Nimefungua gunia, mahindi yameshikana madonge, yana ukungu wa kijani. Nilikuomba magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta wa bafuni. Wewe ukazichukua zile mbao ukazifanya chaga za kitanda cha pacha. Kitanda kizuri, fundi wangu, ila sakafu imeyalowesha mahindi.

Mama yako aliuona ukungu juzi, akanyamaza. Akayaanika, akayapeta, akayasaga. "Jua linaua kila kitu, mwanangu." Kwenye darasa langu la jioni tulifundishwa kwamba ukungu hukauka, sumu ikabaki.

Uji wa jana ulitokana na unga huo. Mkubwa aliumaliza, anatapika tangu alfajiri, nampeleka hospitali. Mdogo aliugomea, ndivyo Bibi anavyosema. Bado amelala. Nimemgusa, hana homa.

Mwamshe hata hivyo. Akiwa mzito kuamka, mbebe, mtufuate mbio. Ndiyo maana nimesema usivue viatu.

Mama Pacha