Ami, Ile Seti Niliyokushinda

Ami,

Asalam aleikum huko uliko. Nakuarifu kwamba toka Tudor hadi Kibokoni hakuna anayeweza kunifunga mimi tenisi. Walio hai siwahesabu hata. Wewe mwenyewe nilikufunga seti ya mwisho, na nafasi ya kulipiza hukuipata. Ungekuwapo ungecheka, tumbo likutikisike, useme huyu akishiba mbaazi hujiona liwali. Na herufi zangu usizisahihishe, wajua shule niliiacha kidato cha pili. Hasara ilikuwa yao.

Siku hizi nacheza na ukuta. Ule wa nyuma ya nyumba yako, nimeuchora mstari wa chokaa kwa urefu wa wavu. Chokaa ni yako, lile debe ulilokuwa ukilibeba kila Ijumaa baada ya swala kwenda kupaka mistari ya uwanja wa Tudor, maana hakuna mwengine aliyejali kama mpira umegusa mstari au umetoka. Napiga mia upande wa kulia, mia upande wa kushoto. Nikikosa, naanza tena moja, kama ulivyonifunza. Kile kiwiko ulichokuwa ukikilalamikia nimekibana sasa. Pigo la kushoto limenyooka, ungelionea wivu.

Nikimaliza sisikii kitu. Siku ile watu walilia, mimi nikabeba jeneza nikitazama visigino vya aliyenitangulia. Mpaka leo sijalia. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: wajua ni wako, lakini ukiufinya ni wa jirani.

Mkeo, Ma' Zena, amekaa eda. Nilidhani mpira wangu wamsumbua, nikaacha siku mbili. Akaniita, akasema nami nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Mbona huchezi? Piga, mwanangu. Nyumba imenyamaza mno."

Nikapiga. Kesho yake akaniuliza, ile siku niliyokushinda, mbona ulirudi huna la kusema? Ulinuna? Nikamwambia hukununa, ulinipa mkono. Hilo ni kweli.

Barazani wananiita bingwa. Habari niliitangaza mwenyewe jioni ileile, nikaongeza na chumvi. Siku tatu baadaye ukalala mchana, usiamke. Matangani nikaisimulia tena, na watu wakaipenda zaidi, wakasema angalau alicheza mpaka mwisho, na aliyemshinda ni damu yake. Nikawa nazungushiwa kahawa kama mtu wa maana.

Lakini kabla hatujakuswalia, baba, nduguyo, alisimama akauliza kama yupo uliyemkosea, akusamehe. Wote wakajibu wamesamehe. Mimi nikangoja aulize la pili: nani aliyemkosea marehemu? Haliulizwi hilo, Ami. Nilikuwa safu ya tatu, mdomo wazi kama changu wa sokoni. Mswalishaji akapiga takbiri.

Nilijiambia nitafanya mazoezi mpaka ile seti iwe kweli yangu. Nimekuwa hodari, si mchezo. Lakini ukuta haunifai kwa hilo. Hauna mistari chini, hauna wa kuniuliza. Kila ninachokisema, unakubali.

Basi nakuahidi. Ijumaa nitalibeba debe, nipake uwanja mzima, hata ile kona ya mbali uliyokuwa ukiinama ukigumia. Halafu nitawaambia wa barazani, wacheke watakavyo. Na kabla yao nitasimama dirishani nimwambie Ma' Zena. Nakuandikia wewe kwanza, maana ni haki yako kulisikia mbele ya wengine. Lala salama, Ami. Mola akupanulie hapo ulipo.

Pigo lako la mwisho lilitua karibu na miguu yangu, pale penye mstari wa nyuma. Nilisema nje. Ulisimama kidogo, ukasema lile neno lako la siku zote, "Upande wako, neno lako," ukaja wavuni kunipa mkono. Nami mpira nilikuwa nao mkono wa pili, naufuta kwenye suruali.

Mpira ulikuwa na chokaa.