Mikorosho ya Marui

Kibaha,
2 Juni 1984

Kwa Mama mpenzi,

Shikamoo. Je, goti limetulia? Mimi mzima, ila usingizi umenikataa tangu Jumatatu, na sababu yake utaicheka.

Chuoni wameleta kompyuta. Ni sanduku lenye kioo mbele, na chini yake vidude vya kubonyeza vyenye herufi, kama mashine ya kupiga chapa. Mgeni mmoja wa kutoka nje ameileta kwa kibali, na Mwalimu Hilario anatufundisha biashara ya mazao kwa mchezo uliomo ndani yake. Tumegawanywa makundi manne, kila kundi ni kijiji. Unachagua upande nini, uuze lini, uweke kiasi gani ghalani. Ukibonyeza, kioo kinakwambia mvua ilikuwaje na bei ya dunia imefika wapi. Msimu mzima unakwisha kabla chai haijapoa!

Mimi nikachagua korosho, kwa kuwa ndizo ninazozijua. Mama, nimeshindwa misimu sita mfululizo. Bei inaporomoka tu, na Ponsiano wa kundi la mahindi ananiita Bibi Korosho mbele za watu. Kijiji kizima kimenituma nije kusomea ukatibu wa ushirika, halafu kijiji changu cha kwenye kioo kinakufa njaa. Siwezi kutulia.

Wasalimie wote hapo Msimbu.

Mwanao,
Tatu


Msimbu,
15 Juni 1984

Mwanangu Tatu,

Marahaba. Goti nikikaa linauma, nikitembea linanyamaza, basi natembea. Barua yako nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho, sikumwita mtu. Mwalimu wetu wa kisomo angeniona angefurahi.

Nimecheka kweli. Msimu unakwisha kabla chai haijapoa, sasa nani anapalilia? Lakini umenichoma pia, maana hicho kioo chenu hakisemi uongo. Korosho za mwaka jana zilikwenda kwa bei ya kutupa. Nimechoka kwenda Marui kuokota vitu visivyo na thamani, na watu wa mkaa kila wiki wananiulizia ile mikorosho.

Kinachonizuia unakijua. Ile miti niliipanda kwa mkono wangu mwaka wa uhuru, bado bibi harusi, kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu baba yako. Ardhi yao, miti yangu. Tulipohamishiwa huku kijijini nyumba ya Marui niliiacha, miti ikabaki, na kwa ajili ya miti hiyo baba yako mdogo Mwinshehe hawezi kuniambia toka. Nikiikata je? Muulize mwalimu wako.

Ni mimi mama yako,
Swaumu


Kibaha,
1 Julai 1984

Mama,

Shikamoo, na usiniulize hali, maana nakuandikia nimesimama. Nimeshinda!

Jana nilikata mikorosho yote. Ya kwenye kioo, usishtuke. Nikapanda mananasi. Msimu wa kwanza nilihema, wa pili nikampita Ponsiano, wa nne nikawatimulia wote vumbi. Mwalimu Hilario akaniita mbele ya darasa nieleze nilivyofikiri, na amesema muhula ujao mimi ndiye nitakayewaongoza wenzangu.

Basi kata, Mama. Wape watu wa mkaa, wewe panda mananasi; soko la Dar es Salaam liko hapo tu. Mambo ya ukoo yalikuwa ya zamani. Tumehamishwa wote, ardhi sasa ni ya kijiji, hata redioni wanasema. Baba mdogo atakwambia nini? Mwalimu sikumuuliza. Niliona haya kumpelekea habari za ukoo mbele ya mashine kama ile.

Usichelewe, vuli isikukute bado unafikiri.

Mwanao mshindi,
Tatu


Kibaha,
10 Agosti 1984

Mama mpenzi,

Shikamoo. Wiki ya sita sasa sijapata hata salamu. Goti? Homa? Au umenichoka?

Jana Stellamaris, ninayelala naye chumba kimoja, aliuliza darasani, "Mwalimu, kwenye mchezo huu mtu anaweza kunyang'anywa shamba?" Mwalimu akasema hapana, mashine inachukulia kwamba shamba ni lako tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kukutoa. Wenzangu wakaendelea kubonyeza na kucheka. Mimi nilitoka nje nikauzunguka uwanja wa mpira, sijui mara ngapi.

Mama, uliniuliza jambo moja tu, nami nikakujibu kwa kichwa changu. Kama hujaikata, iache. Kama umeanza, iliyobaki iache. Nakuomba unijibu upesi.

Mwanao,
Tatu


Kibaha,
29 Agosti 1984

Mama,

Shikamoo. Posta wamenizoea, wakiniona tu wanatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Wiki hii walikuja wakulima kutoka Dutumi, nikaambiwa niwaonyeshe mchezo. Nimesema naumwa. Naumwa kweli, ila si ugonjwa wa kupeleka zahanati. Nije? Sema neno moja nitapanda basi.

Mwanao,
Tatu


Msimbu,
12 Septemba 1984

Mwanangu Tatu,

Marahaba, marahaba, marahaba, kwa barua zako zote tatu. Mzima wa mwili, alhamdulillahi.

Nilikata Julai, yote, ikiwa inaanza kutoa maua. Watu wa mkaa walimaliza kazi kwa wiki mbili. Nilikuwa nimeshapanda mistari miwili ya mananasi, ndipo Mwinshehe akaja na wazee wawili wa ukoo. Hakuniinulia sauti. Aliniuliza, "Shemeji, mti wako uko wapi?" Nikamwonyesha visiki. Akasema, "Hivyo ni visiki, nimekuuliza mti." Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji cha kule Marui, Mzee Mwinyimadi. Akasema ni kweli ardhi ni ya kijiji, ila nani alime wapi bado wanaulizwa wenye ukoo.

Nilikukasirikia, Tatu. Nilikaa siku nyingi sitaki hata jina lako litajwe humu ndani, ndiyo maana sikuandika. Halafu nikasema, ruhusa ya kukata nilitoa mimi, na moyoni nilikuwa najua. Nilitaka tu mtu mwenye elimu aniambie kwamba sijui.

Usije. Maliza masomo, na siku ukipewa hao watu wa kuwafundisha, uwaulize kwanza shamba ni la nani.

Mwinshehe si mtu mbaya. Amenipa kipande kule bondeni nilime mihogo na mahindi, msimu kwa msimu, nikihitaji zaidi nimwambie. Ameweka sharti moja, nami nimekubali mbele ya wazee: nisipande mti.

Ni mimi mama yako,
Swaumu